Msuguano wa Gurudumu, Msuguano wa Watu

Chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inayoteremka kutoka Kibumba kuja Goma ikiwa imesheheni kabichi na viazi, haina injini. Inasukumwa na uzito wake, na mwenyewe huizuia kwa kukandamiza kwa mguu kipande cha tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma. Kiguse kipande hicho mwisho wa mteremko: kina moto. Joto hilo ni nishati ya mwendo iliyogeuka. Ipo, ila haibebi tena kabichi.

Jambo hilo Kiswahili huliita msuguano, na neno hilohilo tunalitumia kwa watu wasioelewana kazini. Tulifuate taratibu.

Fundi anayetengeneza chukudu peke yake hana wa kugombana naye. Wakiwa 2, kuna jozi 1. Wakiwa 6, kila mmoja ana wenzake 5; 6 mara 5 ni 30, lakini kila jozi tumeihesabu mara mbili, basi zinabaki 15. Wakiwa 12, jozi ni 66. Watu wameongezeka mara 2, jozi zaidi ya mara 4, na kila jozi inagawana kitu: msumeno, mteja, malipo ya Jumamosi. Kwa hiyo ugomvi kazini hauhitaji watu wabaya. Mwaka 2008 kampuni ya CPP iliwahoji wafanyakazi 5,000 katika nchi 9 za Ulaya na Amerika; 85 katika kila 100 walisema wanakumbana nao.

Sasa tazama kwa karibu jozi moja ya wale 6. Anayechonga ekseli amenuniana na anayetoboa magurudumu. Zamani angeuliza tu, "Kaka, tundu lako lina upana gani?" Leo anakisia. Ekseli inaletwa, haiingii. Gurudumu linatobolewa upya, mbao inapasuka, na wenzao wanne wamekaa wakisubiri. Hakuna aliyepiga kelele. Katika daftari la patroni, mwenye karakana, hakuna mstari wa ugomvi. Upo wa mbao tu.

Uchunguzi uleule wa CPP ulikuta kwamba mfanyakazi wa Marekani alikuwa akitumia saa 2.8 kila wiki katika migogoro. Zidisha kwa karakana ya watu 14: saa 39.2, karibu wiki nzima ya kazi ya mtu mmoja. Ni kama kuwalipa 14 huku 13 tu ndio wanaofanya kazi.

Lakini usitamani karakana isiyo na msuguano wowote. Chukudu isiyo na breki itaua mtu kabla ya kufika sokoni. Mafundi wanaobishana juu ya kipimo kabla mbao haijakatwa wanaokoa mbao hiyo. Hasara inaanza ubishi unapoacha kipimo na kumwandama aliyepima.

Wewe uliye patroni hapa Goma, kabla ya kuajiri mtu wa 7 kwa sababu kazi inachelewa, waulize hawa 6 nani haongei na nani.