Kikao Bila Kiti: Baraza, Kokwet na Maskwota wa Ziwa Wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi

Ziwa, kaskazini mwa mji wa Eldoret, ni jina la Kiswahili katika nchi ya wasemaji wa Kikalenjin. Neno jingine la Kiswahili lililopanda hadi nyanda hizo na kuota mizizi ni baraza. Huko Pwani, baraza kwanza ni kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, mahali ambapo majirani hukaa, hunywa kahawa na kuamua mambo. Kutokana na kiti hicho, neno likaja kuwataja pia watu waliokikalia. Lilipofika bara likiwa mikononi mwa serikali ya kikoloni, maana yake iligeuka: afisa husimama, raia huketi chini, na maneno hushuka kutoka juu. Makala haya yanadai kwamba katika miaka ya 1930 wakazi wa Kiafrika wa mashamba ya Ziwa hawakuwa na baraza la kwanza wala la pili, na kwamba mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ndio uliodhihirisha gharama ya upungufu huo.

Ikumbukwe kwamba uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa malisho ya Wanandi kabla ya Makaburu kuwasili kutoka Afrika Kusini mwaka 1908, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Wanandi wengi waliorudi huko baadaye na ng'ombe wao walirudi kama maskwota. Kwa sheria ya mwaka 1918, skwota aliruhusiwa kuishi na kulisha mifugo katika shamba la setla kwa sharti la kufanya kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hakuwa mpangaji, na hakuwa raia wa mahali pale kwa maana yoyote ya kisheria. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoundwa kuanzia mwaka 1924, ambayo nayo yaliongozwa na Mkuu wa Wilaya, yalihusu maeneo ya hifadhi tu. Aliyeishi nje ya hifadhi aliishi nje ya baraza.

Isitoshe, mkutano mkubwa ambao Wanandi wangeufanya kwa taratibu zao wenyewe ulikuwa umekwisha kupigwa marufuku. Mwaka 1923 walijiandaa kwa saget ab eito, sherehe ambayo kwayo rika moja hukabidhi uongozi kwa rika linalofuata. Serikali iliona ndani yake njama ya uasi. Sherehe ikazuiwa, na Barsirian arap Manyei, orkoiyot wa Wanandi na mwana wa Koitalel arap Samoei aliyeuawa mwaka 1905, akakamatwa na kuhamishiwa Meru. Kwa hiyo mdororo ulipofika, jamii hii ilikuwa imeng'olewa ngazi ya juu ya uongozi wake na kubakiwa na ile ya chini kabisa.

Ngazi hiyo ni kokwet, yaani mkutano wa majirani. Wazee hukutana chini ya mti, kila mwenye neno hulisema, na mzee wa kokwet hatoi hukumu yake binafsi, bali huyakusanya yaliyosemwa hadi yawe neno moja. Inafanana mno na baraza la Pwani, kuliko baraza la serikali linavyofanana na lolote kati ya hayo mawili.

Sasa na tutazame lugha iliyotumika pale skwota alipokutana na mwenye shamba. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, na katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na mjumbe Mwafrika. Wakati uo huo, mashambani, kilichosikika ni Kisetla. Wanaisimu wamezoea kukijadili Kisetla kama Kiswahili kilichopungukiwa na upatanisho wa ngeli: kitu hii, watu yangu. Upungufu wenye uzito zaidi kijamii uko kwenye kitenzi. Kisetla hukanusha kwa hapana (mimi hapana taka), huamuru kwa kitenzi-jina (kwenda! kuleta!), na takriban hakina dhamira tegemezi. Lakini dhamira tegemezi ndiyo lugha ya kikao. Watu wanaoshauriana husema tungoje, tumpelekee, asikilizwe. Lugha isiyo na tungoje inaweza kuendesha shamba. Haiwezi kuendesha mkutano. (Mlio wa Kisetla, kwa bahati mbaya, haujatoweka kabisa katika baadhi ya ofisi zetu.)

Uzito wa jambo hili ulionekana bei ya mahindi na ngano ilipoporomoka, huku nzige wakiwa wamevamia nchi tangu mwaka 1928. Masetla walikosa fedha za kulipia mishahara na wakaipunguza. Kodi ya nyumba, iliyowekwa kuwa shilingi 12 tangu miaka ya mwanzo ya 1920, iliendelea kudaiwa. Masetla walikuwa na mahali pa kulalamikia: vyama vyao vya wakulima, Baraza la Kutunga Sheria, na halmashauri za wilaya zilizotokana na sheria ya mwaka 1928. Serikali iliwaanzishia Benki ya Ardhi mwaka 1931. Ilipopendekeza kodi ya mapato mwaka 1933, waliipinga kwa mikutano mikali hata ikaahirishwa hadi mwaka 1937. Haya yalitokea ingawa Lord Moyne alikuwa amekwisha kueleza, katika ripoti yake ya mwaka 1932, kwamba Waafrika walibeba mzigo wa kodi usiolingana na huduma walizopata.

Hata waliokuwa na baraza la kisheria halikuwafaa sana. Setla mmoja wa Turbo, L. A. Johnson, aligundua dhahabu Kakamega mwaka 1931, na masetla waliofilisika wakamiminika huko. Sheria ya mwaka 1930 ilitaka Baraza la Wenyeji lishauriwe kabla ya ardhi ya hifadhi kutwaliwa, na wenyeji wapewe ardhi nyingine badala yake. Mnamo Desemba 1932 masharti yote mawili yaliondolewa kuhusu ardhi ya machimbo.

Kwa maskwota, pigo lilikuja kimyakimya zaidi. Katika miaka ya dhiki masetla wengi waliwavumilia pamoja na mifugo yao, kwani hiyo ilikuwa nguvukazi isiyohitaji fedha nyingi. Hali ilipoanza kutengemaa, sheria ya mwaka 1937 ilizipa halmashauri za wilaya za masetla mamlaka ya kupunguza mifugo na mashamba ya maskwota, na kuongeza siku za kazi hadi 270. Ilianza kutumika mwaka 1940. Halmashauri hizo zilikuwa na ajenda, kumbukumbu na mwenyekiti. Skwota aliyejadiliwa humo hakuwa na haki ya kuingia, seuze kusema. Uamuzi ulimfikia shambani kwa kinywa cha nyapara, kwa Kisetla, kwa kitenzi-jina.

Barsirian arap Manyei alikuwa bado kizuizini siku hizo. Aliachiliwa mwaka 1964, Kenya ikiwa imekwisha kupata uhuru, baada ya zaidi ya miaka 40 ya adhabu kwa ajili ya mkutano ambao haukufanyika.