Kwa Nini Muziki wa Baa Huzidi Usiku

Malalamiko juu ya muziki wa baa na kumbi za wazi hufanana. Mwenye ukumbi husema hajaongeza sauti tangu alasiri. Jirani husema kuanzia saa nne usiku hapalaliki. Mara nyingi wote wawili husema kweli. Mchana jua huipasha ardhi joto, na hewa ya chini iliyopata joto huipindisha sauti kuelekea juu. Usiku ulio shwari, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, na sauti hupindishwa chini kwenye nyumba za watu. Tena pilika za mchana zimekoma, hakuna cha kuifunika.

Umbali nao hauipunguzi sauti kama wengi wadhanivyo. Katika uwanja wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti ya spika hupungua kwa takriban desibeli 6. Spika yenye desibeli 90 kwenye mita 10 hubaki na 84 kwenye mita 20, na bado 66 kwenye mita 160. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 ulipendekeza desibeli zisizozidi 45 nje ya vyumba vya kulala usiku, madirisha yakiwa wazi.

Ndiyo sababu Kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, hutofautisha viwango vya mchana na vya usiku, na huyalinda makazi na hospitali kuliko maeneo ya viwanda.

Mwenye ukumbi ana njia za kutii bila kufunga biashara. Aelekeze spika mbali na makazi. Atumie spika ndogo kadhaa karibu na wateja badala ya moja kubwa. Apunguze besi, kwa kuwa ndiyo ipenyayo kuta. Na ashushe sauti usiku uingiapo. Kushusha desibeli 10 huifanya sauti isikike kama nusu ya ilivyokuwa.

Jirani naye aandike tarehe, saa na muda wa kelele, azungumze kwanza na mwenye ukumbi, kisha amwone mtendaji wa kijiji au mtaa, na hatimaye afisa mazingira wa halmashauri. Baa hulisha familia. Usingizi humponya mgonjwa na kumwandaa mwanafunzi kwa mtihani. Kanuni zimewekwa ili kimoja kisikiangamize kingine.