Ramadhani Anapoomba Ubatizo: Majina ya Kiislamu na Maana Zake



Kila Kwaresima, wakatekumeni wanapojiandaa kwa mkesha wa Pasaka, swali moja hurudi katika parokia za bonde la Kilombero: mtu aitwaye Ramadhani, Mwajuma au Saidi akiomba ubatizo, je, ni lazima aliache jina lake? Kuanzia Kidatu hadi Mlimba, na hapa Ifakara kwenyewe, Wakristo na Waislamu huishi ndani ya ukoo mmoja, wawe Wandamba, Wambunga au Wapogoro. Mkatoliki kuitwa Joseph Hamisi Saidi si ajabu kwetu; majina mawili ya mwisho ni ya baba na babu. Hata hivyo wapo wanaojibu haraka, "Hilo ni jina la Kiislamu, achana nalo." Kabla ya kujibu hivyo, tuone majina yenyewe yanasema nini.

Kiarabu hujenga maneno juu ya mizizi, mara nyingi ya konsonanti tatu. Mzizi wa kutumikia na kuabudu umezaa jina Abdallah, yaani "mtumishi wa Mungu", na mzizi huohuo umetupa maneno ibada na kuabudu tunayoyatumia kila Jumapili. Nabii Obadia wa Agano la Kale ana jina la maana karibu hiyohiyo kwa Kiebrania, lugha iliyo ndugu ya Kiarabu. (Anayeitwa Abdul peke yake amekatiwa sentensi njiani: "mtumishi wa..." Wa nani?) Mzizi wa sifa umezaa Mohamedi, Ahmadi, Mahmudu na Hamidu, pamoja na kitenzi himidi tunachokutana nacho katika Zaburi. Salimu na Salma wana undugu na salamu ambayo Malaika alimpa Maria. Saidi ni mwenye heri. Mkatoliki aitwaye Beatus ana jina lilelile kwa Kilatini.

Kundi jingine ni majina ya Biblia yaliyopita katika Kurani: Ibrahimu, Musa, Yusufu, Ayubu, Yunusi ambaye ni Yona, Yahya ambaye ni Yohane Mbatizaji, na Isa. Mariamu ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake katika Kurani, na sura ya 19 inaitwa kwa jina hilo. Hapa tuwe waangalifu. Kushiriki jina si kushiriki ungamo la imani: Kurani inamheshimu Isa kama nabii, haimkiri kuwa Mwana wa Mungu. Katekista asifiche tofauti hiyo ili kumfurahisha mtu.

Juma, Hamisi, Rajabu, Shabani na Ramadhani ni majina ya kalenda. Mtoto alizaliwa Ijumaa, au Alhamisi, au katika mwezi wa mfungo, basi. Mwajuma na Mwanahamisi hata hayakutoka Arabuni, yameundwa na Waswahili wenyewe. Na kwa kuwa hamisi linatokana na "tano" ya Kiarabu, wiki yetu ya Kiswahili ina siku mbili za tano, Jumatano na Alhamisi, wala hakuna anayelalamika.

Kanisa linasemaje? Kanuni ya 855 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa hisia ya Kikristo. Haisemi kwamba lazima liwe jina la mtakatifu. Utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo nao unaruhusu kumpa mkatekumeni jina jipya, au kumweleza maana ya Kikristo ya jina alilo nalo. Kwa hiyo Saidi, Salma au Abdallah hana la kutupa. Jina kama Seifudini, "upanga wa dini", linahitaji mazungumzo marefu zaidi, na huenda mwenyewe akapenda kuongeza lingine.

Tukumbuke pia kwamba Mtakatifu Yohane wa Damasko, Mwalimu wa Kanisa, alitoka katika ukoo wa Mansur, jina la Kiarabu kabisa. Na mahali ambapo Mama Maria aliwatokea watoto watatu mwaka 1917 panaitwa Fatima, jina la binti wa Mtume Muhammad.

Kwa frateri aliye kwenye uchungaji, ushauri wetu ni huu. Muulize mkatekumeni ni nani aliyempa jina lake. Mara nyingi utasikia ni bibi, na bibi huyo bado yu hai, Mwislamu, naye anaogopa kwamba ubatizo utamnyang'anya mjukuu. Akichagua kuongeza Petro au Anna, liandikwe pamoja na lile la zamani katika daftari la ubatizo, lilingane na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, asije akasumbuka siku ya kuandikisha ndoa. Kisha nenda ukamsalimie bibi nyumbani kwake, kabla ya Pasaka.