Kufundisha Mimea ya Kinamasi: Mfano wa Forsinard

Swali moja hutushinda mara nyingi darasani: mmea unaonasa wadudu hufanya hivyo kwa nini? Wengi wetu hujibu kwamba hauwezi kujitengenezea chakula. Jibu hilo ni kosa, na mtoto akilishika huwa vigumu kulifuta.

Tutazame hifadhi ya Forsinard, kaskazini mwa Uskoti. Huko kinamasi hakikai bondeni tu. Kimetanda kama blanketi hata miteremkoni, kwa kuwa mvua ni nyingi na baridi huchelewesha uozaji. Kuvumwani aina ya sfagnamu hushika maji kama sifongo na kuyatia asidi. Mabaki yake, yasiyooza kabisa, hurundikana yakawa mboji, kadiri ya milimita 1 kwa mwaka. (Hapa mwalimu asiharakishe: watoto na waitazame milimita hiyo kwenye rula zao.)

Mimea ya juu ya mboji hiyo hutegemea madini machache yaletwayo na mvua. Ndipo drosera, mmea mdogo wenye vinyweleo vinatavyo, hunasa wadudu ili upate nitrojeni. Chakula chake hukitengeneza kwa mwanga wa jua, kama ufanyavyo mhindi.

Katika miaka ya 1980 sehemu za nchi hiyo zilichimbwa mifereji, zikapandwa miti jamii ya misonobari, mboji ikakauka. Baadaye hifadhi ilianza kuikata miti na kuiziba mifereji.

Zoezi: Mboji yenye kina cha mita 1 ikipotea, itahitaji miaka mingapi kurudi?