Je, Jalada Limepotea au Ni Faharasa Yake? Somo la Disketi za Zamani kwa Watunza Kumbukumbu za Wagonjwa

Utangulizi

Mgonjwa anayetoka Manchali, Itiso au Mpwayungu kwenda kliniki huchukua kitu kidogo chenye thamani kubwa: kadi iliyoandikwa namba. Afikapo mapokezi, namba hiyo ndiyo inayomwongoza mtunza kumbukumbu hadi kwenye rafu, na kutoka rafuni hadi kwenye jalada. Ikikosewa tarakimu moja tu, jalada lipo na karatasi zote zimo, lakini kwa siku hiyo ni kama halipo. Mganga hulazimika kuuliza upya: ni dawa gani humdhuru mgonjwa, kipimo cha mwisho kilikuwaje, dozi ilibadilishwa lini. Jibu la kukumbuka kwa kichwa haliwezi kulingana na jibu lililoandikwa.

Siku hizi kumbukumbu nyingi zimehamia kwenye kompyuta, lakini kanuni ni ile ile: kitu kilichohifadhiwa bila faharasa ni sawa na kitu kilichopotea. Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta ndogo za mwanzo zilivyohifadhi mafaili, kisha yanaonyesha mambo mawili ambayo mhudumu wa afya na mgonjwa wanapaswa kuyajua.

Namba inayoonyesha njia

Tuanze na mfano ulio karibu nasi. Katika kliniki za tiba na matunzo, ambazo wengi huziita CTC, kila mgonjwa hupewa namba yenye tarakimu 14. Mbili za kwanza ni za mkoa, mbili zinazofuata ni za wilaya, nne ni za kituo, na sita za mwisho ni za mgonjwa mwenyewe. Anayeisoma namba hiyo huanza na eneo kubwa na kuishia kwa mtu mmoja. Namba yenyewe haina habari yoyote ya ugonjwa. Kazi yake ni kuonyesha njia ya kulifikia jalada.

Kompyuta nayo hutenganisha mambo hayo mawili. Upande mmoja kuna habari yenyewe. Upande wa pili kuna orodha inayosema habari hiyo iko wapi. Programu kuu inayosimamia kazi hiyo huitwa mfumo endeshi.

Rafu ndani ya disketi

Mwaka 1974 Mmarekani Gary Kildall alitengeneza mfumo endeshi ulioitwa CP/M. Disketi yake ya kawaida, yenye upana wa inchi 8, iligawanywa katika miduara 77, na kila mduara katika vipande 26 vya baiti 128. Baiti moja hutosha kuhifadhi herufi moja. Hivyo disketi nzima ilibeba baiti 256,256. Miduara miwili ya mwanzo ilitengwa kwa ajili ya mfumo wenyewe. Baada yake ilikuja saraka, yaani orodha ya mafaili, yenye nafasi 64 tu. Kila nafasi ilikuwa na baiti 32: humo liliandikwa jina la faili lisilozidi herufi nane, herufi tatu za kuonyesha aina yake, na namba za mahali vipande vyake vilipolala.

Mfumo wa MS-DOS, uliotoka mwaka 1981 pamoja na kompyuta binafsi ya IBM, ulitumia mbinu nyingine iliyobuniwa na Marc McDonald mwaka 1977. Katika mbinu hiyo, saraka hutaja jina la faili, ukubwa wake, tarehe, na namba ya fungu la kwanza tu. Mafungu yanayofuata hutafutwa katika jedwali la mgawo.

Chukua disketi ya kilobaiti 360, ambayo kila fungu lake lina baiti 1,024. Faili lenye baiti 2,600 huhitaji mafungu matatu. Tuseme saraka inasema, “Anzia fungu la 5.” Jedwali, mbele ya namba 5, limeandikwa 6, mbele ya 6 limeandikwa 11, na mbele ya 11 ipo alama ya mwisho. Kompyuta hufuata mnyororo huo na kuliunganisha faili, ingawa vipande vyake havikukaa pamoja. Kwa kuwa pete moja ikikatika faili lote linaweza kuharibika, jedwali liliandikwa mara mbili katika kila disketi. Wahandisi hao walijua kwamba kinachohitaji ulinzi zaidi ni faharasa.

Wakati mwingine umeme ulikatika kabla saraka haijaandikwa. Mafungu yalibaki na habari ndani yake, lakini hayakuwa na jina wala mwenyewe. Hayo ni mafungu yatima. Mtunza kumbukumbu anayafahamu kwa sura nyingine: ni ile karatasi ya majibu ya maabara iliyookotwa mezani bila jina wala namba. Majibu ni sahihi, lakini hayawezi kumsaidia mtu yeyote.

Kufuta si kuharibu

Faili lilipofutwa katika MS-DOS, mfumo haukuyagusa mafungu yenye habari. Ulibadilisha herufi ya kwanza ya jina katika saraka kwa alama maalumu, kisha ukaandika sifuri katika jedwali kuonyesha kwamba mafungu hayo sasa ni wazi. Habari ilibaki pale pale mpaka faili jingine liandikwe juu yake. Ni kama kukata jina katika daftari la masjala huku jalada likiwa bado rafuni.

Flashi na kadi za kumbukumbu tunazotumia leo nyingi bado hufuata warithi wa mbinu hiyo. Kwa hiyo yapo mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza ni la matumaini: faili lililofutwa kwa bahati mbaya mara nyingi huweza kuokolewa, mradi kifaa kisiandikwe kitu kingine. La pili ni la tahadhari: orodha ya wagonjwa “iliyofutwa” kwenye flashi inaweza kusomwa na mtu mwingine atakayeipata. Hata kuformati kwa haraka huifanya upya faharasa na kuacha sehemu kubwa ya habari mahali pake.

Siri ya mgonjwa ni sehemu ya tiba. Anayeogopa kwamba hali yake itajulikana kijijini huacha kliniki, na akiacha kliniki huacha dawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa binafsi nyeti.

Ushauri kwa wahudumu wa afya

1. Andika namba ya mgonjwa katika kila karatasi kabla haijatoka mkononi mwako.
2. Rejista na faharasa ya kompyuta ziwe na nakala, na nakala ikae chumba kingine.
3. Faili likifutwa kwa makosa, acha kukitumia kifaa hicho mara moja na umwite afisa TEHAMA.
4. Usibebe taarifa za wagonjwa katika flashi isiyo na ulinzi wa nywila.
5. Kompyuta au flashi ya zamani isitolewe wala kuuzwa kabla mtaalamu hajaifuta kwa kuandika juu ya habari zote, au kuiharibu kabisa.

Ushauri kwa wagonjwa

Tunza kadi yako, na unakili namba yake mahali salama. Toa majina yale yale kila unapohudhuria. Ukihamia kituo kingine, omba barua ya uhamisho badala ya kujiandikisha kama mgeni. Ukiwa na namba mbili, historia yako hukatika vipande viwili, na mganga huona nusu tu. Kadi ikipotea, sema. Jalada lako huenda bado lipo, na kinachohitajika ni kuirejesha njia ya kulifikia.

Maswali ya kujipima

1. Saraka na jedwali la mgawo hutofautianaje?
2. Kwa nini jedwali liliandikwa mara mbili?
3. Katika kituo chako, daftari la namba za wagonjwa likiungua leo, majalada yatapatikanaje kesho?