ANAPOANGUKA MTU KUTOKA MWAMBANI

Anayeijua Tabora anaijua miamba yake. Nchi hii iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, nayo imetapakaa majabali ya matale. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi waliyapita na mizigo yao kati ya Bagamoyo na Ujiji. Leo watoto wetu huyapanda wakichunga mbuzi, wakitafuta kuni, au wakishindana tu nani atafika juu. Kuwakataza kabisa hatuwezi; sisi wenyewe tulipanda.

Lakini jabali hudanganya. Jua na mvua za miaka mingi hulimenya kama kitunguu, na gamba linaloonekana imara huweza kung'oka mkononi. Miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili, huleta utelezi. Nyuki nao hupenda nyufa. Tena kupanda ni rahisi kuliko kushuka, kwa hiyo mtoto afundishwe kutazama njia ya kushukia kabla hajaanza.

Je, akianguka? Kosa kubwa tunalofanya ni haraka. Watu humwinua, humkalisha, kisha humpakia kwenye kerieri ya baiskeli. Kama uti wa mgongo umevunjika, kumkunja namna hiyo kunaweza kukata mishipa ya fahamu, akapooza miguu maisha yake yote. Basi mwacheni alale alivyo. Mwulizeni kama anahisi vidole vya miguu na kama anaweza kuvichezesha. Mmoja ashike kichwa kisigeuke. Damu ikitoka, gandamizeni jeraha kwa kitambaa safi. Mkihitaji kumhamisha, watu wanne au watano wamgeuze pamoja, kichwa na mwili kwa mara moja kama gogo, mkamlaze juu ya ubao wa mlango. Huko ndiko apelekwe hospitali.

Mkono au mguu uliovunjika usikandwe wala kuvutwa. Ufungieni mabanzi mawili yapite kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika, bila kukaza mno.

Mfupa uliounga vibaya haujifichi. Dk. Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872, alikuwa amevunjwa mkono wa kushoto na simba huko Afrika ya Kusini mwaka 1844, na mfupa haukuunga sawasawa. Alipofariki mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kupitia Tabora hadi pwani. Ulipofika London mwaka 1874, madaktari waliutambua kwa mfupa ule.

Aliyegonga kichwa aangaliwe mchana na usiku, hata akisema ni mzima. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kupita kawaida, akitokwa na maji au damu puani au masikioni, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, msingoje asubuhi. Na mwenye jeraha lenye udongo aulizwe hospitalini kama amechanjwa pepopunda.