Dondoo muhimu: Ncha ya mkahawa ndiyo yenye amri

Mkulima wa Mbozi anayepanga kupogoa kahawa aanze kwa kutazama ncha ya shina. Ncha inayokua hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka kwenye shina na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Kenneth Thimann na Folke Skoog walikata ncha ya mche wa jamii ya kunde, wakaweka oksini pale palipokatwa, na macho ya pembeni yakabaki yamelala. Ndiyo maana ukikata kilele cha mkahawa, maotea huibuka kwa wingi. Yaondoe yangali laini. Kama unafufua mti mkongwe, bakiza mawili au matatu yenye afya, tena yaliyotoka kwenye shina lenyewe, kwa kuwa tawi la pembeni haligeuki kuwa shina lililosimama.

Kuhusu wakati wa kupogoa, wapo wanaosema ufupi wa mchana ndio unaodumaza mti Juni na Julai. Kwa miti mingi ya Ulaya hoja hiyo ina nguvu. Lakini Tunduma, jirani na Mbozi, iko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na mchana mrefu kuliko yote huuzidi ule mfupi kwa saa moja hivi. Tofauti hiyo ni ndogo mno kubebeshwa lawama ya baridi na ukame: udongo ukikauka, mti hutengeneza asidi ya absisiki, nao ukuaji hupungua. Basi pogoa mavuno yakiisha, kabla mvua hazijaanza, ili machipukizi mapya yakute unyevu ardhini.